Magoti Yanaposagika Mbeya: Kipi cha Kununua Kwanza, Kipi cha Kuacha Dukani

Ukipita soko la Mwanjelwa, Mbeya, hukosi meza yenye dawa ya magoti. Kuna tyubu za kupaka, soksi za kuvuta, makopo ya vidonge yenye picha ya goti linalong'aa, unga uliofungwa kwenye karatasi, na pembeni, zimeegemezwa ukutani bila mtu wa kuzinadi, fimbo. Tumevipima vitu hivi kwa macho ya mtu mmoja: mkulima au mfanyabiashara wa miaka 45 kwenda juu, mwenye goti au nyonga iliyosagika, anayeishi kwenye miinuko ya Mbeya, Tukuyu, Njombe au Mufindi na ambaye hela yake ni ya kuhesabu. Uamuzi wetu ni huu: fedha iende kwanza kwenye kinachopunguza mzigo wa goti na kinachoimarisha msuli wa paja. Kinachoahidi kurudisha gegedu (kifuniko laini cha ncha za mifupa kwenye kiungo) au "kuongeza ute" kiachwe mezani. Wauzaji wengi wamepanga bidhaa zao kinyume kabisa na mpangilio huo.

Ugonjwa wenyewe, kusagika kwa viungo (kitaalamu osteoarthritis), ni wa watu wengi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 528 duniani walikuwa nao, asilimia 60 wakiwa wanawake, na goti ndilo lililoongoza. Kwa mtu wa miaka 45 au zaidi, maumivu yanayokuja wakati wa kazi na kupungua unapopumzika, pamoja na ukakamavu wa asubuhi (kiungo kukaza) usiozidi nusu saa, yanatosha mhudumu wa afya kuutambua bila picha. Baridi ya Juni na Julai huwafanya wengi wahisi magoti yamekaza zaidi, lakini haisagi gegedu. Kinachosaga ni uzito, kazi ya kuchuchumaa na kubeba kwa miaka mingi, majeraha ya zamani, umri na urithi.

Fimbo

Hiki ndicho kitu cha kwanza kununua, na ndicho watu wanachokikimbia kwa sababu ya aibu. Utafiti uliofanyika Brazil kwa watu 64 wenye magoti yaliyosagika, ukachapishwa mwaka 2012, ulionyesha kuwa waliotembea na fimbo kila siku kwa miezi 2 walipungukiwa maumivu na wakameza dawa kidogo kuliko wasiopewa fimbo. Mwanzoni fimbo ilichosha. Baada ya mwezi mwili ulikuwa umeizoea. Kwa hiyo anayeitupa wiki ya kwanza kwa kuwa "inanichelewesha" anaiacha kabla haijaanza kumlipa.

Madukani utakuta za aina tatu. Ya alumini yenye vitundu vya kurefusha na kufupisha inafaa kuliko zote kwa anayeanza, kwa kuwa kosa la kipimo linasahihishika. Kabla ya kulipa, ikandamize chini kwa uzito wako wote huku umeishika kwa mikono miwili: kitufe kisizame, bomba lisicheze. Ikigonga kila unapoiweka chini, kaza pete iliyo juu ya kitundu. Pete isipokuwepo, chagua nyingine. Ya miguu minne inauzwa kama imara zaidi, na kweli ni imara kwenye sakafu tambarare ya hospitali. Kwenye njia ya mteremko ya Tukuyu au barabara ya mawe ya Njombe ni mbaya, kwa sababu miguu yote minne haigusi ardhi kwa pamoja na fimbo inayumba pale unapoiegemea. Waachie wenye kiharusi wanaotembelea ndani ya nyumba, kwa ushauri wa mtaalamu.

Ya tatu ni ya mti. Mkaratusi uliokauka vizuri unatoa fimbo nzuri na ya bei ndogo. Mti wa paini huvunjika penye vifundo. Mwanzi ni mwepesi lakini hupasukia chini, isipokuwa ncha ikatwe karibu kabisa na kifundo, upande wa chini yake. Tatizo kubwa la fimbo za mti ni ncha: mafundi wengi hupigilia kipande cha tairi kwa msumari. Tairi likilika, kichwa cha msumari kinabaki kinagusa chini, na kwenye saruji iliyolowa au vigae kinateleza. Mwambie fundi azamishe msumari ndani ya mpira, au nunua mpira wa kuchomeka. Nenda na fimbo yenyewe dukani, kwani mipira ina vipenyo tofauti, na unaolegea utabaki kwenye tope. Mifereji ya chini ya mpira ikifutika, badilisha siku hiyohiyo.

Kipimo ndicho kinachoharibu fimbo nzuri. Vaa viatu unavyotembelea kila siku, simama wima, mikono ining'inie. Mtu mwingine apime kutoka chini hadi kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono. Mpini uishie hapo. Ukiushika, kiwiko kikunjike kidogo, nyuzi 15 hadi 30. Fimbo ndefu inapandisha bega na baada ya muda shingo ndiyo inauma. Fupi inakuinamisha, mgongo unalipa.

Ishike mkono ulio kinyume na goti bovu. Goti la kulia likiuma, fimbo iwe mkono wa kushoto, na vyote viwili, fimbo na mguu mbovu, vitoke mbele kwa pamoja. Wengi sana wanaishika upande wa maumivu, na hapo mwili unaegemea goti lilelile lililotakiwa kupumzishwa. Kwenye ngazi au kilima, unapopanda utangulize mguu usiouma. Unaposhuka utangulize fimbo na mguu mbovu. Mteremko mkali usiushuke moja kwa moja, pita kwa mshazari.

Kiti cha choo

Bidhaa hii hukosa nafasi kwenye mazungumzo ya magoti, na tunaiweka ya pili bila kusita. Choo cha kuchuchumaa kinalikunja goti hadi mwisho, mara kadhaa kwa siku, na kuinuka kutoka hapo kunahitaji msuli ambao mara nyingi umeshalegea. Wazee huanza kunywa maji kidogo ili wasiende chooni mara kwa mara, na hilo linaleta matatizo mengine, hasa kwa anayemeza dawa za maumivu zinazobebesha figo kazi.

Viti vya chuma au plastiki vyenye tundu hupatikana kwenye maduka ya vifaa tiba, lakini fundi seremala anaweza kutengeneza kinachofaa zaidi. Miguu iwe ya mbao mbili kwa mbili, itanuke kidogo kuelekea nje, na iungwe chini kwa pao pande tatu. Upande wa mbele ubaki wazi ili miguu irudi nyuma wakati wa kusimama. Urefu uwe sawa na kutoka chini hadi nyuma ya goti la mtumiaji, au uzidi kwa sentimita 3 hadi 5. Kwa wengi ni kati ya sentimita 43 na 48. Weka mikono ya kushikia pande zote mbili. Paka rangi ya mafuta mara mbili, hasa kingo za tundu, la sivyo mbao itanyonya na kunuka.

Kosa tunalolikuta mara nyingi ni kiti cha kawaida cha plastiki kilichokatwa tundu kwa kisu cha moto. Kukata katikati kunaondoa sehemu inayobeba uzito, ufa unaanzia kwenye kona ya tundu, na miguu inatanuka kwenye saruji yenye maji. Mzee akianguka na kuvunjika nyonga, gharama yake haifanani na ya kiti. Sakafu ikiwa ya udongo, tandika ubao chini ya miguu ya kiti ili isizame upande mmoja.

Jeli ya diklofenaki

Hii ni dawa ya kweli na kwa goti ndiyo ya kuanza nayo kabla ya vidonge. Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2022 kuhusu ugonjwa huu unaitaja hivyo, kwa kuwa inafika kwenye goti huku kiasi kidogo tu kikiingia kwenye damu. Malalamiko ya kwamba "haifanyi kazi" karibu yote yanatokana na kipimo. Dozi ya mtu mzima ni gramu 2 hadi 4 kwa goti moja, mara 3 hadi 4 kwa siku. Mstari wa jeli kutoka ncha ya kidole cha shahada hadi kiungo chake cha kwanza ni kama nusu gramu, hivyo gramu 2 ni mistari minne. Anayepaka tone la ukubwa wa punje ya mahindi anajipaka harufu.

Piga hesabu kabla ya kununua. Kwa gramu 2 mara 3 kwa siku, tyubu ya gramu 30 inaisha siku ya tano kwa goti moja. Tyubu ya gramu 20 ni ya siku 3 na kidogo. Kwa hiyo linganisha bei kwa gramu, siyo kwa tyubu, na ukikuta ya gramu 100 mara nyingi ndiyo nafuu. Paka kuzunguka goti lote, sugua polepole, nawa mikono, usioshe goti kwa saa moja. Usifunge bandeji juu yake wala kuweka maji ya moto, na usipake penye kidonda. Jipe wiki moja hadi mbili kabla ya kuihukumu. Kwa nyonga haifai, kiungo kiko ndani mno. Mjamzito aliyepita wiki 20 asiitumie bila daktari.

Soma maandishi madogo. Tyubu nyingi zina mentholi na methili salisileti pamoja na diklofenaki, na nyingine hazina diklofenaki kabisa, zina dawa ya kuleta joto tu. Joto lile linafariji kwa muda na halina ubaya kwa ngozi isiyo na kidonda, ila usililipie bei ya diklofenaki. Angalia tarehe ya mwisho wa matumizi na jina la mtengenezaji. Dawa isiyo na maelezo hayo haistahili kuwepo dukani, na anayeisimamia biashara hiyo kisheria ni Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA.

Vidonge vya diklofenaki au ibuprofeni vinapunguza maumivu, lakini vitumike kwa siku chache, kwa dozi ndogo inayotosha, baada ya chakula. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, moyo au presha aongee na daktari kwanza. Hatari ya figo huongezeka sana vidonge hivi vikichanganywa na dawa za presha za kundi la enalapril au losartan pamoja na dawa ya kukojoza maji. Mchanganyiko huo uko mifukoni mwa wazee wengi bila mtu kuuona, kwa sababu dawa za presha zinatoka kliniki na za goti zinatoka dukani. Panadol ni salama zaidi kwa tumbo, lakini kwa goti lililosagika nafuu yake ni ndogo, na visizidi vidonge 8 vya miligramu 500 kwa siku.

Soksi ya goti

Inasaidia baadhi ya watu kuhisi goti limeshikwa. Siyo tiba. Pima mzunguko katikati ya kilegesambwa ukiwa umesimama, ulinganishe na kipimo cha kwenye boksi. "Free size" ina maana kwamba itambana mnene na kumpwaya mwembamba. Ikiacha alama nzito nyuma ya goti au mguu ukavimba chini yake, ni ndogo. Usilale nayo. Fedha ikiwa ni ya kitu kimoja, nunua fimbo.

Makopo ya glukosamini na unga wa kurudisha ute

Glukosamini na kondroitini vilijaribiwa Marekani kwa watu 1,583 kwa wiki 24, matokeo yakachapishwa mwaka 2006. Kwa jumla ya washiriki, havikuzidi vidonge visivyo na dawa. Mwongozo wa Uingereza nao unasema wazi glukosamini isitolewe. Havidhuru wengi, ila fedha ya kopo la kila mwezi ingefaa zaidi kwenye fimbo na kiti cha choo.

Unga ni habari nyingine. Tunaheshimu tiba asili inayotolewa na watu waliosajiliwa na wanaotaja mmea wanaoutumia. Tunachokikataa ni unga usio na jina, unaoahidi nafuu ya siku 2. Katika nchi nyingi maabara zimekuta dawa za namna hiyo zimechanganywa na steroidi (dawa kali za kutuliza uvimbe) kama deksamethasoni au prednisoloni, pamoja na diklofenaki. Ndiyo maana nafuu ni ya haraka na ya kushangaza. Baada ya wiki kadhaa uso unakuwa wa duara, hamu ya kula inapanda, presha na sukari vinapanda, ngozi inachubuka kirahisi, mifupa inapungua nguvu. Na hapa kuna jambo ambalo familia lazima zilijue: aliyeutumia kwa wiki nyingi asiukatishe ghafla nyumbani. Mwili unakuwa umeacha kutengeneza homoni yake wenyewe, na kukatisha kunaweza kumwangusha, kumtapisha, hata kumuua. Aende hospitali na karatasi ya unga huo mkononi ili apunguziwe kwa mpangilio.

Sindano ya steroidi ndani ya goti, ikichomwa na daktari kwa usafi, ina nafasi yake: inatuliza goti lililofura kwa wiki chache. Kuirudia kwa ratiba hakuna faida. Jaribio la Marekani lililochapishwa mwaka 2017 lilichoma triamsinoloni miligramu 40 kila wiki 12 kwa miaka 2. Gegedu lilipungua zaidi kuliko kwa waliochomwa maji ya chumvi, na maumivu hayakutofautiana.

Huduma ya mazoezi tiba

Dukani fimbo ndiyo ya kwanza, lakini kama tungeruhusiwa kupendekeza kitu kimoja tu, bidhaa au huduma, kingekuwa hiki. Hospitali za rufaa hapa nyanda za juu zina wataalamu wa fiziotherapia, na wazee waulizie dirisha la wazee kabla ya kupanga foleni ya kawaida. Lakini huduma hazilingani, na mgonjwa anaweza kuipima mwenyewe siku ya kwanza. Nzuri: mtaalamu anakuangalia ukisimama kutoka kwenye kiti, anakufundisha mazoezi, anakuona unayafanya, anakupa ya nyumbani na tarehe ya kuyaongeza ugumu. Dhaifu: unalazwa kitandani, taa ya joto au mashine ya umeme inawekwa gotini dakika 20, unaambiwa urudi kesho. Joto linapendeza, lakini msuli hauongezeki ukiwa umelala. Ukipata huduma ya namna hiyo, omba kwa upole ufundishwe mazoezi.

Kipimo kizuri cha kulinganishia ni mpango ulioanza Denmark mwaka 2013: vipindi 2 vya elimu, kisha mazoezi yanayosimamiwa mara 2 kwa wiki kwa wiki 6. Aliye mbali, tuseme Makete au Kyela, anaweza kufundishwa mara moja au mbili na kuendelea nyumbani.

Mazoezi ya msingi ni matatu. Kaa kwenye kiti imara cha sentimita 45 hivi kilichoegemezwa ukutani, simama bila kushika, kaa polepole. Mara 10, pumzika, rudia hadi seti 3. Asiyeweza aweke mto juu ya kiti, na auondoe baada ya wiki mbili tatu. La pili, ukiwa umekaa nyoosha goti hadi mwisho, hesabu 5, shusha. Mara 10 kila mguu. Likiwa jepesi, funga kifundo cha mguu kwa kifuko chenye kilo moja ya mchanga. La tatu, panda na kushuka kizingiti au ngazi ya sentimita 10 hadi 15, ukitanguliza mguu ule ule mara 10 kabla ya kubadilisha, huku umeshika ukuta. Ongeza matembezi kwenye njia tambarare, dakika 10 kwa kuanzia.

Watu huacha kwa sababu ya maumivu, wakidhani wanalisaga goti. Kanuni ni hii: katika kipimo cha 0 hadi 10, maumivu hadi 5 wakati wa zoezi yanavumilika, mradi yarudi kama kawaida ndani ya saa 24. Yakizidi hapo, punguza idadi, usiache. Nafuu huanza kuonekana wiki ya 6 hadi ya 12, na ukiacha mazoezi inapotea.

Uzito unakwenda pamoja na hili. Vipimo vya mwendo vimeonyesha kuwa kila kilo moja unayopunguza inaliondolea goti kama kilo 4 kwa kila hatua. Utafiti wa Framingham, Marekani, mwaka 1992 ulikuta wanawake waliopungua kilo 5 hivi ndani ya miaka 10 hatari yao ya kupata maumivu ya goti lililosagika ilipungua kwa zaidi ya nusu. Kwa mwenye kilo 80, lengo la kwanza liwe kilo 4. Anza na soda, vitumbua na chipsi, kisha tonge la ugali la jioni.

Kwa ambao magoti bado mazima

Lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, ni suala la afya ya viungo sawa na lilivyo suala la mizani. Wakala wa Vipimo unaipiga marufuku, na bado vijana wa kupakia viazi wanainua magunia yaliyopita kilo 100. Kuinua mizigo mizito na kuchuchumaa kila siku kwa miaka ni njia inayojulikana ya kufikia goti bovu kabla ya uzee. Vyama vya ushirika na wanunuzi wanaofunga viazi kwenye mifuko ya kilo 50 wanastahili kuungwa mkono kwa biashara yetu. Nyumbani, toroli la maji lina thamani kuliko dawa yoyote iliyotajwa hapa, na jiko lililoinuliwa hadi kiunoni linamwondoa mama kwenye kigoda.

Vijana wa mpira nao wanahusika. Karibu nusu ya wanaokatika kano kuu ya goti au kuchanika pedi zake huonyesha kusagika miaka 10 hadi 20 baadaye. Mazoezi ya kupasha mwili ya FIFA 11+ ni ya bure, huchukua dakika 20, yanahitaji koni chache na mpira, na yamepunguza majeraha kwa karibu theluthi moja kwa timu zinazoyafanya angalau mara 2 kwa wiki. Kinachoshinda timu nyingi ni kuyafupisha hadi kukimbia tu. Sehemu ya kuruka na kutua magoti yakiwa yamekunjwa kidogo na kuelekea sawa na vidole vya miguu ndiyo yenye kazi.

Usinunue chochote, nenda hospitali, kama goti ni la moto, limevimba ghafla na una homa. Kama limejifunga halikunjuki. Kama maumivu yanakuamsha usiku na unapungua uzito. Au kama vidole vya mikono yote miwili vimevimba na ukakamavu wa asubuhi unazidi saa nzima, kwa kuwa huenda hiyo ni baridi yabisi, nayo ina dawa zake. Na kama umeshafuata mazoezi kwa miezi kadhaa na bado hulali wala kutembea, uliza rufaa ya upasuaji wa kubadilisha goti, unaofanyika Taasisi ya Mifupa MOI, Dar es Salaam. Picha ya eksirei kwa ajili ya safari hiyo ipigwe ukiwa umesimama kwa miguu miwili. Ya kulala huficha jinsi nafasi ya goti ilivyopungua, na mara nyingi utaambiwa uirudie.